Kina cha fokasi: lenzi pana, sensa ndogo, sensa kubwa. Nimepewa majibu matatu, yote yanapingana

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Mwezi uliopita nilipiga picha ya familia. Watu tisa, mistari mitatu: watoto wameketi chini, wazee kwenye viti, warefu wamesimama nyuma. Kamera ni fulufremu (sensa ya milimita 36 kwa 24), lenzi ya milimita 85, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), nimesimama kama mita 6. Nikafokasi kwenye jicho la mtoto wa mbele, nikatazama kioo cha kamera, kila mtu safi, nikawaruhusu watawanyike.

Picha ikachapishwa sentimita 60 kwa 40 na kutundikwa ukutani. Mtoto wa mbele unaweza kumhesabu kope. Bibi, aliye mstari wa kati, fremu ya miwani yake haina ukingo. Wale wa nyuma ni kama unawaona kupitia kioo chenye mvuke. Bibi hakulalamika. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa, akaitazama picha upya. Hiyo iliniuma kuliko angenigombeza.

Nimeuliza wapiga picha watatu. Wa kwanza kasema tatizo ni lenzi ndefu, nitumie pana, ina kina kikubwa, yaani eneo refu la mbele na nyuma linalotoka kali. Wa pili kasema nihamie kamera za Micro Four Thirds, sensa ndogo ina kina kikubwa. Wa tatu akacheka: ukiweka lenzi ile ile kwenye sensa ndogo, kina kinapungua. Wote hao wanakula kwa kamera. Nimwamini nani?

#2 · DaftariMkononi

Nimewahi kiti cha mbele. Nikikaa nyuma nitatoka na ukungu.

#3 · LenziNdefu

Hili halina mjadala. Ukiongeza urefu wa fokasi, zile milimita za lenzi, mara mbili, kina kinabaki robo. 85 ni lenzi ya kufuta watu. Ungefunga 35 hapo hapo uliposimama, ukoo mzima ungetoka.

#4 · TembeaUpige

Ungetoka ukiwa na ukubwa wa sisimizi. Sogea mbele na hiyo 35 mpaka watu wajae fremu kama walivyojaa kwenye 85, uone kina kinavyorudi pale pale. Nimeijaribu kwa mikono yangu. Urefu wa fokasi hauhusiki hata kidogo.

#5 · LenziNdefu

Hauhusiki? Kanuni umeiona mkuu? Urefu wa fokasi umo ndani, tena kwa kipeo cha pili.

#6 · FundiKioo

Tulieni wakuu. Mnajibu maswali mawili tofauti. LenziNdefu anabadilisha lenzi na kubaki aliposimama. TembeaUpige anabadilisha lenzi na kutembea.

Tuanze na kitu chenyewe. Lenzi inafokasi kwenye umbali mmoja tu. Nukta iliyo kwenye umbali huo inatua kwenye sensa ikiwa nukta. Nukta iliyo mbele au nyuma yake inatua ikiwa kiduara. Kiduara kikiwa kidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kukitofautisha na nukta, tunasema hapo ni kali. Kina cha fokasi ni eneo ambalo viduara bado vinatudanganya, na hakuna mstari wowote ambapo ukali unakatika ghafla.

Sasa udogo kiasi gani? Picha ikiwa mbele yako kama sentimita 25, jicho zima linatofautisha vitu vya kama milimita 0.2. Picha ya fulufremu ikikuzwa mara saba hivi, ukubwa wa kushika mkononi, kiduara cha milimita 0.03 kwenye sensa kinakuwa milimita 0.2 kwenye karatasi. Ndiyo asili ya ile 0.03 inayotumika kwenye majedwali na kwenye mistari ya kina iliyochongwa juu ya lenzi za zamani. Inatokana na jicho na ukubwa wa karatasi.

Tupige hesabu kwa 0.03 hiyo. Umesimama mita 3, f/4:

Lenzi ya 50: kina ni sentimita 87.
Lenzi ya 100: kina ni sentimita 21.

Robo, kama LenziNdefu alivyosema. Sasa tembea. Lenzi ya 50 kwa mita 1 na ya 100 kwa mita 2, zote f/2.8, sura ya mtu ina ukubwa ule ule kwenye fremu. Kina cha 50 ni sentimita 6.4. Cha 100 ni sentimita 6.4. Weka 24 kwa sentimita 48, bado 6.4. TembeaUpige naye hakusema uongo.

#7 · LenziNdefu

Sawa, hesabu nimeiona. Lakini macho yangu hayajanidanganya miaka yote hii. Picha ya 100 nyuma inayeyuka, ya 50 hapana. Ukiniambia kina ni sawa nakuuliza ile laini ya nyuma inatoka wapi.

#8 · FundiKioo

Umegusa penyewe. Ngoja nimpe mleta uzi kazi kwanza, halafu nitajibu.

Mkuu, chukua futi ya kupimia ya fundi nguo, itandaze mezani ikielekea mbali nawe, fokasi kwenye namba moja katikati. Mbali nyuma, upande wa pili wa chumba, washa taa ndogo moja. Piga mara mbili kwa f ile ile, 50 kwa mita moja na 100 kwa mita mbili. Linganisha namba zinazosomeka kwenye futi, kisha linganisha taa.

#9 · MachoMekundu

Mimi swali langu dogo. Hapo juu mmesema inategemea karatasi. Ina maana nikiikata picha kwenye kompyuta kina kinabadilika? Faili ni lile lile, jamani.

#10 · FundiKioo

Kinabadilika. Chukua ile ya 50 ya mita 3, yenye kina cha sentimita 87. Kata nusu ya upana na nusu ya urefu, ubaki na fremu sawa na ya lenzi ya 100. Ichape kwa ukubwa ule ule wa karatasi. Sasa umeikuza mara mbili zaidi, viduara navyo vimekuwa mara mbili, vilivyokuwa vinajificha vimeonekana. Kina kimeshuka hadi sentimita 43.

Ndiyo kilichompata mleta uzi, ila yeye hakukata, alikuza. Tazama: 85 kwa f/1.8 ina tundu la milimita 47. Tuseme kila mstari uko sentimita 70 nyuma ya mwenzake. Kiduara cha bibi kwenye sensa ni milimita 0.07, cha waliosimama ni 0.13. Kwenye kioo cha kamera picha imekuzwa mara mbili tu, ukungu wa bibi ni milimita 0.14, jicho linapita. Kwenye karatasi ya sentimita 60 picha imekuzwa karibu mara 17. Bibi ana ukungu wa milimita 1.2, wa nyuma yake milimita 2. Kamera haikukuficha kitu, ilikuonyesha picha ndogo tu. Kabla hujamruhusu mtu kuondoka, vuta picha kwenye kioo mpaka uone uso wa mtu wa mwisho peke yake.

#11 · MachoMekundu

Kumbe ndiyo maana picha zangu kwenye simu zote ni kali na kwenye kompyuta nalia.

#12 · Mleta uzi

Nimerudi na futi. Nimepiga kwa f/2.8.

Kwa 50 namba zinazosomeka bila shida ni kama sentimita tatu mbele ya fokasi na tatu na kidogo nyuma. Kwa 100 hivyo hivyo, nimezilinganisha sambamba mpaka macho yameuma. Ila taa! Kwenye 50 ni sarafu ndogo. Kwenye 100 ni sahani. Nimepima kwenye kompyuta, upana wake ni karibu mara mbili. Namba za mwisho kabisa za futi nazo kwenye 100 zimefutika zaidi. Sasa nimechanganyikiwa kuliko nilipoanza.

#13 · FundiKioo

Hapo ndipo LenziNdefu anapopata haki yake. Kina cha fokasi na ukungu wa nyuma kabisa ni vitu viwili, sisi tunaviita jina moja.

Kuna njia rahisi ya kuliona hili. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f upate upana wa tundu. 50 kwa f/2.8 ni milimita 18. 100 kwa f/2.8 ni milimita 36. Taa iliyo mbali sana inatokea kwenye picha ikiwa duara lenye upana sawa na tundu hilo, kana kwamba umelibandika pale pale penye uso wa mtu unayempiga. Kwa hiyo kwenye picha ya 50 kila nukta ya mbali ni kifungo cha milimita 18 kando ya shavu lake, kwenye ya 100 ni kifungo cha milimita 36. Sura ni ile ile, kina ni kile kile, nyuma imeyeyuka mara mbili. Na kwa kuwa lenzi ndefu inameza sehemu ndogo tu ya mandharinyuma, ukungu huo unatandaa bila vitu vya kuuvuruga. (Taa yako haikuwa mbali kupita kiasi, ndiyo maana umepata karibu mara mbili na si mbili kamili.)

Karibu na fokasi hali ni nyingine. Tundu la 100 ni kubwa mara mbili, lakini umesimama mbali mara mbili, hivyo miale inaingia kwa pembe ile ile. Vinafutana.

#14 · LenziNdefu

Nimekupata. Nakubali kwa shingo upande.

#15 · TembeaUpige

Mimi nasimamia neno langu: ukijaza fremu sawa, urefu wa fokasi hauhusiki.

#16 · FundiKioo

Ukiwa karibu, ndiyo. Ukirudi nyuma usiapie.

Mpige mtu mzima kuanzia unyayo mpaka utosi, fremu ya mlalo yenye urefu wa mita 2, f/8. Kwa 24 unasimama mita 2. Kwa 200 unasimama karibu mita 17. Kwa 200 ukali unaanzia mita 1.5 mbele yake na kuishia mita 1.9 nyuma yake. Kwa 24 unaanzia sentimita 92 mbele na kuishia mita 10 nyuma. Jumla ni mita 3.4 dhidi ya mita 11, na ukubwa wa mtu ni ule ule.

Kila lenzi, kwa kila f, ina umbali ambao ukifokasi hapo ukali unafika mpaka upeo wa macho. Kwa 24 na f/8 umbali huo ni mita 2.4 tu. Ukifokasi mita 2 tayari unagonga mlango wake, kina kinaanza kukimbilia nyuma. 200 iko mbali mno na mlango wake. Usawa wako unashika pale ambapo lenzi zote mbili ziko mbali na umbali huo: nyuso, maua, vitu vya mezani.

#17 · TembeaUpige

Hii sikuwa naijua. Huwa nafanya nyuso tu.

#18 · DaftariMkononi

Sensa jamani. Daftari lina kurasa tupu na mleta uzi aliuliza sensa.

#19 · SensaNdogoKazi

Niingie mimi, natumia Micro Four Thirds kila siku na nimechoka kuambiwa kamera yangu haifuti nyuma, halafu wiki ile ile naambiwa inafuta zaidi. Umbali mita 2, f/2.8 kote, karatasi ya ukubwa mmoja:

Fulufremu na lenzi ya 50: sentimita 26.
Micro Four Thirds na lenzi ya 25, fremu inaonyesha kitu kile kile: sentimita 54.
Micro Four Thirds na lenzi ile ile ya 50: sentimita 13.

Mpiga picha wa pili wa mleta uzi alikuwa anawaza mstari wa katikati. Wa tatu alikuwa anawaza mstari wa mwisho. Sensa yangu ina upana wa milimita 17.3, karibu nusu ya 36, kwa hiyo picha yake lazima ikuzwe mara mbili zaidi kufika karatasi ile ile, na kiduara kinachoruhusiwa kinashuka kutoka 0.03 hadi 0.015. Ukiacha lenzi ilivyo, umeikata picha tu kama MachoMekundu alivyouliza, na kina kimebaki nusu. Ukifunga lenzi ya 25 ili upate mwonekano wa 50, tundu limebaki milimita 9 badala ya 18. Kinachoongeza kina hapo ni hilo tundu dogo. Sensa imekulazimisha tu ulitumie.

Fungua 25 yangu hadi f/1.4. Tundu linarudi milimita 18, kina kinarudi sentimita 26, na hata ukungu wa taa za mbali unalingana. Mimi nikiwa f/1.4 wewe uko f/2.8. Ukiwa f/5.6 mimi niko f/2.8.

#20 · Mleta uzi

Kwa hiyo ningenunua Micro Four Thirds na 42.5 ya f/1.8…

#21 · SensaNdogoKazi

Ungepata kina cha 85 yako kwenye f/3.6. Uliyo nayo tayari, geuza gurudumu. Mimi naipenda mashine yangu kwa wepesi wake, bega langu linajua. Lakini kuuza kamera ili kupata kina ni kuhama nyumba kwa sababu dirisha limefunguliwa.

#22 · MachoMekundu

Na simu? Yangu imeandikwa f/1.8 na kila kitu ni kali kutoka kidole changu mpaka mlimani.

#23 · SensaNdogoKazi

Hiyo f/1.8 si uongo, ila urefu wa fokasi ni kama milimita 6. Gawanya: tundu la milimita 3.3, mbegu ya papai. Kama sensa ya simu hiyo ni robo ya fulufremu kwa ulalo (kona hadi kona), inapiga kama 24 kwenye f/7 hivi. Ule ukungu wa picha za uso kwenye simu unachorwa na programu: inakisia nani yuko mbele, inampaka nyuma. Angalia nywele zilizosimama pembeni ya sikio, au upenyo kati ya mkono na kiuno. Hapo ndipo inapojikwaa.

#24 · LenziNdefu

Kumbe ndiyo siri ya wale wazee wa kamera za masanduku. Kuna kundi la wapiga picha wa Marekani, akina Ansel Adams na Edward Weston, mwaka 1932 walijiita f/64. Siku zote nilidhani walikuwa wanatambia tundu la sindano.

#25 · FundiKioo

Filamu ya inchi 8 kwa 10 ina ulalo mara saba na nusu ya fulufremu. f/64 juu yake inapiga kama f/8.5 kwenye kamera ya mleta uzi. Lenzi ya 300 kwa f/64 bado ina tundu la karibu milimita 5. Wewe ukitia f/64 kwenye 50 yako unabaki na tundu la milimita 0.8, picha yote inakuwa uji.

Uji kwa sababu mwanga ukipita tundu dogo unatawanyika, na kila nukta inakuwa kiduara hata ukifokasi sawasawa. Kwa mwanga wa kijani na f/22, kiduara hicho kina upana wa karibu milimita 0.03. Ndiyo ile ile 0.03. Hapo umefunga tundu kutafuta ukali, ukapata ukungu wa aina nyingine kila mahali. Kwenye Micro Four Thirds unafika hapo kwa f/11. Hakuna sensa inayopona.

#26 · Mleta uzi

Familia inakutana tena Jumamosi. Nataka kurudia, lenzi 85, mita 6, karatasi ile ile ya sentimita 60. Jedwali la simuni linaniambia f/8 inatosha: kutoka mita 5 mpaka 7.5. Nipige?

#27 · FundiKioo

Usipige. Jedwali hilo linafikiria picha ya kushika mkononi. Mtu akisimama mbali na karatasi yako kwa kiasi cha ulalo wake, sentimita 72, halina neno. Lakini ndugu hawatasimama mbali, kila mmoja ataiendea picha kutafuta uso wake.

Kwa mtu aliyeisogelea, kiduara kinachoruhusiwa ni 0.2 gawanya kwa 17, yaani 0.012. Kwa hiyo f/8 inakupa sentimita 44 mbele na 51 nyuma. Mistari yako iko sentimita 70, haitoshi. Nenda f/11, upate 58 mbele na 73 nyuma. Usipite hapo, maana ule mtawanyiko wa mwanga kwa f/11 tayari unakaribia robo milimita kwenye karatasi yako. Usifokasi mstari wa mbele, fokasi wa kati. Kisha bana mistari: magoti ya waliosimama yaguse migongo ya viti, watoto waegemee miguu ya wazee. Sentimita 50 kwa 50 na umemaliza.

Andaa mwanga. Kutoka f/1.8 hadi f/11 umepoteza mara 37. Watoe nje, kwenye kivuli cheupe.

#28 · DaftariMkononi

Lete mrejesho. Uzi usife kama zile nyingine.

#29 · Mleta uzi

Mrejesho. 85, f/11, nje ya nyumba saa kumi jioni, nimefokasi kwenye miwani ya bibi, kwenye ile bawaba ndogo ya pembeni. Mistari imebanwa mpaka mjomba aliyesimama nyuma akalalamika kuwa kiti kinamkwangua. Kabla ya kuwaachia nikavuta picha kwenye kioo, uso mmoja mmoja, wote tisa. Wa saba alikuwa amefumba macho, tukarudia.

Karatasi imefika leo. Mtoto wa mbele kope zake safari hii hazihesabiki kirahisi, nimepoteza kidogo hapo. Bibi kasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha fremu, akaweka kidole juu ya mjomba kule nyuma, akauliza kwa nini hajanyoa.